Maisha ya Penina Wakesho, na Neno Lake kwa Ngina

Padre, wazee wetu mlioshuka kutoka Werugha, wafanyakazi wa reli, majirani na jumuiya yote ya hapa Voi, leo Alhamisi tarehe 12 Februari 1959, mimi Obadiah Mwadime, shemeji yake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya Penina Wakesho, na niseme mapema kwamba sehemu moja ya maisha hayo yeye mwenyewe aliagiza isirukwe.

Penina alizaliwa Werugha tarehe 3 Agosti 1919, mtoto wa tatu wa mzee Mwakio na mama Mghoi, akabatizwa akiwa na miaka kumi, akasoma shule ya misheni kule Bura mpaka darasa la nne, ambako alifundishwa kusoma, kushona na kusali, na hilo la mwisho ndilo alilolishika kuliko yote. Tarehe 6 Januari 1940 alifunga ndoa na ndugu yangu Francis, wakahamia Voi kwenye nyumba za reli, na Mungu akawajalia Mable mwaka 1941 na Noah mwaka 1944.

Tangu mwaka 1942 aliuza sokoni kabichi na viazi kutoka kwao milimani, na kuanzia 1948 akawafundisha katekisimu wanawake wa nyumba za reli. Alisali akiosha sufuria, alisali kwenye foleni ya maji bombani, na jirani akimsalimu asiitikiwe alijua tu kwamba Mama Mable yuko katikati ya fungu la rozari, atajibu akifika mwisho.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Ngina, Mkikuyu, mke wa mfanyakazi mwenzake Francis, aliyebatizwa Pasaka ya mwaka 1952, Penina akiwa mama yake wa ubatizo, na Ngina alipojifungua binti Desemba 1953 akambatiza kwa jina la Penina. Naye rafiki yake wa moyoni alikuwa Lois, Mama Elijah, wa mlango wa pili, ambaye kwa miaka sita walisali pamoja rozari kila jioni.

Mwezi wa Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, mume wa Ngina alikamatwa akiwa kazini Nairobi, katika ule msako wa Wakikuyu, na Ngina aliposikia kwamba wake na watoto nao wanasombwa, alimbeba mtoto akaja kwa Penina, akafichwa katika jiko la nyuma. Penina alilibeba jambo hilo kwa majuma mawili, hata likamlemea, na jioni moja ya Mei, wanawake wengine waliokuja kusali rozari wakiisha kuondoka, alimwambia Lois, "Mama Elijah, nisaidie kumwombea Ngina, yuko kwangu, hana pa kwenda." Lois alimshika mkono, wakasali wote wawili mpaka machozi yakawatoka.

Ijumaa tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, mkuu wa nyumba za reli alifika na askari, wala hawakupekua chumba hata kimoja, walikwenda moja kwa moja jikoni. Ngina alipandishwa kwenye lori na mtoto mgongoni, akamgeukia Penina, akasema, "Mama, nilikuambia wewe peke yako." Lori likaondoka.

Penina alikwenda kwa Lois akiwa bado na unga mikononi, akamkuta anachambua mchele, na Lois hakukana.

"Nilimwambia mkuu. Wangetufukuza sote, Mama Mable. Mimi nina watoto."

"Lakini ulisali nami."

"Nilisali, na nilisali kwa kweli."

Penina alituambia baadaye kwamba jibu hilo lilimuumiza kuliko kitendo chenyewe, kwa kuwa kama Lois angekuwa mnafiki, yeye angalau angejua namna ya kumwelewa. Jumapili iliyofuata, katika Baba Yetu, alifika kwenye maneno "kama tunavyowasamehe" sauti ikamkatika, na kila siku baada ya hapo alikuwa akinyamaza mahali hapohapo. Akaacha kufundisha, akaacha kusali na watu, kwa maana alisema neno alilolitoa mbele ya Mungu lilikuwa limetoka mlangoni na kufika kwa askari. Alipoungama kwamba hawezi kuimaliza sala, padre alimwambia asali mpaka pale anapoweza kusema kweli, na pale anaponyamaza Mungu atasubiri naye, na hivyo ndivyo alivyosali kwa miaka minne na zaidi, akamwandikia Ngina barua tatu kupitia misheni ya kwao Ngina, na hakuna iliyojibiwa.

Julai 1958 alianza kuumwa tumbo, akalazwa hospitali ya Wesu, madaktari wakaona uvimbe ambao haukuwa na tiba, akarudishwa nyumbani mwezi wa Januari. Jumapili tarehe 8 Februari Lois alikuja, akasimama mlangoni, na Penina akamwambia aingie akae. Akaanza Baba Yetu, akaifikisha mwisho bila kukatiza, huku Lois akilia.

"Nimekusamehe lililo langu," alimwambia. "La Ngina si langu. Mwandikie, umwambie ni nani aliyemsema kwa mkuu."

Lois alisema atamwandikia. Jumanne, tarehe 10, saa tisa alasiri, akiwa amekwisha kupata mpako wa mwisho, Penina aliaga dunia, na mpaka tunatoka nyumbani leo barua hiyo haijaandikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wesu, Padre aliyemletea komunyo kila Ijumaa, wafanyakazi wenzake Francis waliotengeneza jeneza, wanawake wa sokoni waliompikia na kumwogesha, na majirani wote wa nyumba za reli, akiwemo Lois, aliyemfulia mashuka siku zake mbili za mwisho.

Na kwa kuwa wako hapa wanaosafiri na reli mpaka Nairobi na mbele yake, tunawaomba, yeyote atakayekutana na Ngina amwambie kwamba mama yake wa ubatizo hakumtoa kwa askari.

Penina, mke wa ndugu yetu, ulale sasa kwa amani ya Bwana.