Mzee Shoto na Visu Vyake vya Safari

Ijumaa, tarehe 28 Juni, mpishi mkuu wa hoteli yetu anavua aproni baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kwenye karatasi za mshahara ana jina lake la heshima, lakini jikoni, mapokezi na hata kwa wauza vitunguu sokoni anajulikana kama Mzee Shoto, kwa sababu hukata kwa mkono wa kushoto. Wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wetu anaondoka, kwa hiyo leo tutamsifu bila woga.

Alianza kwa kuosha masufuria. Akapandishwa kwenye mboga, akahamia kwenye supu, na alipofika kwenye nyama akapiga kambi. Hapo ndipo alipojinunulia visu vyake mwenyewe, kimoja kimoja, akavinoa upande mmoja tu ili vimtii mkono wake. Mtu wa mkono wa kulia akivitumia, nyama inatoka imepinda kama kisigino cha kiatu kikuukuu. Si kwamba tulipewa nafasi ya kuvitumia. Mzee alikuwa akisema kuazima kisu cha mpishi ni sawa na kuazima mswaki wake, na nyama ya shughuli kubwa haikukatwa na mtu mwingine. Sisi wasaidizi tulikata vitunguu, tukalia.

Hoteli ilipoanza kufungua matawi katika miji mingine, uongozi ukawa unampandisha ndege akaanzishe majiko. Visu vikawa mtihani. Safari ya kwanza alivifunga kwenye taulo, akavitia kwenye begi la mkononi, akalipitisha begi kwenye mashine ya ukaguzi kwa amani kabisa. Mashine ikasimama, wakaguzi wakaitana. Mzee akawaeleza kuwa yeye ni mpishi na hana ugomvi na mtu. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, akamjibu kwa upole: "Nimekuelewa, baba, lakini huko juu hakuna vitunguu vya kukata." Akarudishwa kaunta, visu vikaenda na mizigo ya kupakiwa chini ya ndege, naye akaingia wa mwisho huku akitweta na abiria wote wakimkodolea macho.

Tangu hapo akawa bingwa wa kufunga visu. Kila kimoja kilipata ala ya kadibodi, kisha taulo, kisha kamba, halafu vyote vikalazwa katikati ya nguo. Juu yake aliweka karatasi ya kumwonya mkaguzi: "Ndani kuna visu. Fungua taratibu, mwanangu." Lakini moyo haukutulia. Alisimama kaunta mpaka begi limemezwa na yale mapazia ya mpira, na ndani ya ndege hakulala. Mkewe alituambia, tena kwa kulalamika, kuwa yeye hajawahi kuagwa namna hiyo.

Sasa kuna kisa ambacho kila mfanyakazi mpya husimuliwa, na huwa kimetiwa chumvi. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo chumvi yangu ni ya kiasi.

Tulikwenda kufungua jiko la tawi jipya, Mzee Shoto nasi wasaidizi watatu. Tulitua asubuhi, na jioni yake ndiyo ilikuwa karamu ya ufunguzi. Mwenye hoteli alikuwa ameshasema wazi kuwa karamu ile ikiharibika, majiko yote atayakabidhi kwa kampuni ya nje, nasi twende nyumbani tukapikie watoto. Mkanda wa mizigo ukazunguka, abiria wakachukua vyao wakaondoka, mkanda ukasimama. Begi la visu halikuwepo. Kijana wa kaunta akabonyeza kompyuta yake, akatuambia limepanda ndege nyingine na liko mji mwingine kabisa.

Jikoni kulikuwa na visu vipya vinavyong'aa, vyote vimenolewa kwa mkono wa kulia. Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini visu hivyo havikumfaa Mzee hata kidogo. Alijaribu paja la kwanza, kipande kikatoka mshazari. Akajaribu tena, kikawa kibaya zaidi. Hofu ikanishika kwelikweli. Mzee akanawa, akajifuta, akakishika kisu kwa upande wa bapa na kunielekezea mpini. "Kata, mwanangu," akaniambia. "Nyama haina macho, haitajua kama si mimi."

Nilikata. Mzee alisimama nyuma yangu, mikono kaifungia mgongoni kama mtu aliyekatazwa kugusa, na kila nilipokata kipande kinene alikohoa. Wenzangu wakapewa samaki na mboga, nao wakakoholewa kwa zamu. Kufika alasiri tulishajua kikohozi cha "punguza" na kikohozi cha "hapo hapo". Chakula kikatoka kwa wakati, sahani zikarudi nyeupe. Mwenye hoteli alipoingia jikoni kumpa mkono aliyekata nyama ile, Mzee alinisukuma mbele. Nililia, na jikoni hakukuwa na kitunguu.

Begi lililetwa na dereva siku ya pili, tukiwa tunaandaa chakula cha mchana. Mzee alitia sahihi, akalisukuma chini ya meza kwa mguu, akaniambia niendelee.

Kuanzia siku hiyo nyama ilikuwa yetu sote. Wapishi wengi wanaoongoza majiko ya matawi yetu leo wamefundwa kwa kikohozi kile, na kampuni ya nje hatujaisikia tena. Hilo ndilo tunalomshukuru kuliko mapishi yake, ingawa mapishi nayo tutayalilia.

Jumapili anapanda ndege kwenda kuishi kwa binti yake na wajukuu, na visu vyake vinakwenda naye. Jumatano mimi nitapanda yangu, na visu vyangu, kwenda kufungua jiko jipya. Ni mara ya kwanza naenda bila yeye, na sitaficha kuwa naogopa.

Mzee wetu, uongozi na wafanyakazi wote tunasema asante. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wanaomaliza chakula bila kubembelezwa. Najua Jumatano utanipigia simu. Usiniulize kama begi limefika. Niulize kama wageni wameshiba.