Baridi Agombea Kanda ya Mbalamwezi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja. Liko nje ya duka la fotokopi, pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi, na kila alasiri, kivuli cha ukuta kikishalifikia, hukaliwa na watu walewale. Yupo Sahihisha, mwalimu mstaafu, ambaye hata salamu huisahihisha kabla ya kuiitikia. Yupo Kona, dereva wa lori la mchanga, anayejua siri za serikali zote duniani na hajui mkewe amehamishia wapi funguo za kabati. Yupo Mama Fotokopi mwenye duka, ambaye hakai benchini, ila dirisha lake liko juu ya benchi, kwa hiyo hakuna neno linalompita. Na yupo Baridi, fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache, ambaye kwa kawaida huja, hunywa vikombe viwili vya kahawa, hucheka panapochekesha, kisha huenda zake. Siku hiyo Baridi alikuwa hakaliki wala hasimamiki. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi hajaionja, na jicho lake halikuondoka kwenye simu.

— Kaa chini bwana, unatupigia upepo, Sahihisha alimwambia.

— Nimekaa.

— Umekaa umesimama.

— Kura zimefika ngapi? Kona aliuliza.

— Thelathini na saba kwa thelathini na tano. Ananiongoza. Wanafunga saa kumi na moja kamili.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Mchezo wenyewe unachezwa kwenye simu. Kila mchezaji anaunda nchi yake, anaipa jina, bendera na sheria, na kila siku mchezo unamletea jambo la kuamua: tuongeze kodi au tujenge shule, tufunge mpaka au tuufungue. Nchi zikijikusanya zinakuwa kanda, na kanda huchagua mwenyekiti. Nchi ya Baridi iliitwa Jamhuri ya Barafu, na ilikuwa kwenye Kanda ya Mbalamwezi pamoja na nyingine mia na kidogo, za watu asiowajua sura wala sauti. Miezi miwili iliyopita, mtu huyu ambaye kwenye mkutano wa mtaa hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, alijitokeza kugombea uenyekiti. Mpinzani wake alijiita Chuma. Sera ya Chuma ilikuwa maneno mawili tu, Kanda Safi: nchi yoyote ambayo mwenyewe hajaifungua mwaka mzima itafukuzwa. Na nchi ikishafukuzwa kwenye kanda, mchezo huifuta baada ya siku saba.

— Mimi nimeshawaambia, Kona alisema. Huyo Chuma si mtu. Ni ofisi. Jengo la ghorofa sita, watu wamefunga tai, kazi yao kutafuta nani anajua kutawala. Wakimpata wanamchukua.

— Wanampeleka wapi?

— Ukishajua wanampeleka wapi, ujue na wewe umeshachukuliwa.

— Unakosea, Sahihisha alisema. Chuma ni rais mstaafu. Wa nchi gani sisemi. Mtu miaka kumi ameamka kutia saini, leo hana hata barua, mkono unamwasha. Ndiyo wahenga wakasema, mkono mtupu haulambwi.

Mama Fotokopi alitoa kichwa dirishani.

— Hiyo methali inahusu nini hapo, Mwalimu?

— Inahusu mkono.

— Chuma ni mwanamke. Kanda Safi, ondoa hiki, futa kile. Mwanamume gani atawaza usafi miezi miwili mfululizo?

— Basi ni mke wangu, Kona alisema, na kwa dakika nzima alionekana kuliwaza jambo hilo kwa dhati. Halafu akashusha sauti. Sikilizeni. Je, kama Chuma ni mmoja wetu? Hapa hapa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kila mmoja akatupa jicho kwenye simu ya mwenzake. Sahihisha alikuwa ameifunika ya kwake kwa kofia.

— Mwalimu, mbona unaficha simu?

— Sifichi. Naikinga jua.

— Jua gani, tuko kivulini.

Wakamzonga mpaka akatoa. Kumbe asubuhi ile mzee alikuwa amefungua nchi, Dola ya Sarufi, na kuiingiza kwenye kanda ili ampigie Baridi kura. Mchezo ukamjibu kwamba raia mpya hupiga kura baada ya siku thelathini.

— Nikaona chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, alisema kwa uchungu. Nikakimbilia. Kumbe haraka haraka haina baraka. Hebu niambieni, mtu anayezijua zote mbili afuate ipi?

Baridi alitaka kucheka, jicho likamrudi kwenye simu. Thelathini na nane kwa thelathini na saba. Alitembea hadi kwenye nguzo ya umeme, akarudi. Mfukoni bisibisi ziligongana. Kwenye duka la dawa mtaa wa nyuma alikuwa ameacha friji la watu limefunguliwa mgongo, ameaga anakwenda kutafuta nati.

— Baridi, Mama Fotokopi alisema. Sauti yake haikuwa ya utani tena. Mimi nakujua miaka tisa. Ukizidishiwa chenji unarudisha kimyakimya, ukipunjwa unanyamaza. Hujawahi kugombea hata nafasi kwenye foleni. Hiki cheo cha kwenye simu unakitakia nini?

— Mchezo tu, mama.

— Mchezo gani unakondesha?

Hapo ndipo Baridi alipokaa. Alikaa pembeni, upande wa tofali.

— Kuna nchi moja, alisema. Inaitwa Kesho Asubuhi. Ni ya kaka yangu.

Wote walimjua kaka yake, na walikwenda kumzika. Alikuwa mpima ardhi, miezi kwa miezi yuko porini na vigingi na darubini yake. Huko simu za kuongea hazikushika, ila ujumbe wa mchezo ulipenya. Ndiye aliyemwingiza Baridi, akamchagulia mpaka bendera. Kila walipopitisha siku bila kusalimiana, Kesho Asubuhi iliitangazia vita Jamhuri ya Barafu. Mchezo hutaka sababu ya vita, naye aliandika: Kimya cha siku tano. Au: Umekula sikukuu bila mimi. Barafu ikajibu kwa kutuma balozi kuomba radhi, wakapatana, wakaulizana habari za nyumbani. Baridi alikuwa akicheka peke yake jikoni kwa watu, kompresa ya friji imelala mapajani.

— Ana miezi kumi na minne kaburini sasa, alisema. Vita ya mwisho aliitangaza yuko kitandani hospitali. Hatukuwahi kupatana. Mpaka leo nikifungua simu inaniambia niko vitani.

— Na Chuma akipita, anaifuta, Kona alisema polepole.

— Anaifuta.

Muuza kahawa alipita na birika lake, akatazama nyuso zao, akapita bila kuuliza nani aongezewe.

— Na simu ya marehemu iko wapi? Mama Fotokopi aliuliza.

— Kwa shemeji.

— Mtu akiifungua hiyo nchi leo, si inahesabika imefunguliwa?

— Inahesabika.

— Na shemeji yako si yule mshona sare, mtaa wa pili hapo?

— Ndiye.

Mama Fotokopi aliegemea dirisha kwa mikono yote miwili.

— Kwa hiyo umegombea urais miezi miwili ili usimwombe shemeji yako simu.

Ilikuwa kweli, na Baridi hakuwahi kujiambia hivyo. Tangu msiba alikuwa akienda kwa shemeji kila baada ya wiki mbili. Akifika, anatengeneza kitu. Alishatengeneza friji, bomba, soketi, kitasa cha chumba cha watoto. Kitu kikipona anaaga, maji aliyokaribishwa bado yako kwenye glasi. Kumtaja kaka hawajamtaja. Kuandikia watu mia asiowajua, kuwaomba kura mmoja mmoja, kujibu matusi ya wafuasi wa Chuma, yote hayo aliyaona mepesi kuliko sentensi moja ndani ya sebule ile.

— Mpigie, Sahihisha alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza methali.

Alipiga.

— Shemeji, habari za kazi. Samahani. Simu ya kaka, bado ipo?

Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

— Ipo. Uko wapi?

— Kijiweni, kwa Mama Fotokopi.

— Nakuja nayo.

Alifika saa kumi na dakika arobaini na nane, futi ya kupimia nguo bado imening'inia shingoni. Kona aliruka kumpisha, Sahihisha akafuta benchi kwa kofia. Aliwaamkia, akakaa katikati yao, akatoa simu kwenye mfuko wa kitambaa alioushona kwa kipimo chake. Ilikuwa na chaji tele.

— Huwa naichaji kila Jumapili, alisema. Sijui kwa nini. Sijawahi kuifungua hiyo michezo yake.

Namba ya siri aliijua. Mchezo ulichukua muda kufunguka, duara likizunguka, likizunguka, na wote wamezuia pumzi. Kisha bendera ikatokea, rangi ya machungwa na mstari mweupe, na chini yake maandishi. Shemeji aliyasoma kwa sauti, kama anavyosoma vipimo vya mteja.

— Uko vitani na Jamhuri ya Barafu. Sababu: Hujaja kuniona tangu Jumatatu.

Baridi aliinamisha kichwa. Wiki ile alikuwa na kazi ya mafriji ya hoteli, akajisemea atakwenda Ijumaa. Na Ijumaa alikwenda. Kaka yake hakuwa ameisubiri Ijumaa.

— Nilijua utakuwa umeiona, alimwambia shemeji. Kila nikija kwako nilijua umeiona.

— Sikuiona. Lakini siku ile aliniambia. Alisema, nimemtangazia vita yule mjinga, sasa atakuja mbio. Alikuwa anacheka, shemeji.

Baridi alijifuta uso kwa kitambaa chake cha grisi, akajipaka mstari mweusi shavuni. Hakuna aliyemwambia.

Kona ndiye aliyeshtuka wa kwanza.

— Saa. Jamani, saa.

Zilibaki dakika nne. Thelathini na tisa kwa thelathini na tisa. Na kwenye simu ya marehemu, chini ya bendera, kitufe cha kijani kilikuwa kinawaka: Piga kura.

— Bonyeza, dada, Kona alisema. Bonyeza tu. Mungu kakuleta.

— Si halali, Sahihisha alisema. Mwenye kura ni marehemu.

— Mke ndiye mrithi. Kura ni mali.

— Kura si shamba.

— Chuma ndiye asiye halali! Ofisi nzima ile inapiga kura!

Shemeji hakuwasikiliza. Alimgeukia Baridi, kidole kiko juu ya kitufe.

— Nibonyeze?

Baridi alitazama kitufe. Miezi miwili. Usingizi, kazi za watu, friji la duka la dawa.

— Usibonyeze, alisema.

— Baridi! Mama Fotokopi alitoka dukani kabisa, karatasi mkononi.

— Kaka asingenipigia mimi. Alikuwa akisema siwezi kutawala hata freza.

— Angempigia nani? shemeji aliuliza.

— Angejipigia mwenyewe, halafu akate rufaa.

Shemeji alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichotoka kabla hajajiandaa, na Baridi akacheka naye, na dakika tatu zilizobaki zikapita hivyo, Kona akiwa ameshika kichwa kama mtu anayetazama lori lake likirudi nyuma mlimani bila dereva. Dakika ya mwisho mtu fulani, mahali fulani, akapiga kura. Arobaini kwa thelathini na tisa. Chuma alikuwa mwenyekiti.

— Kura moja, Kona alisema. Moja.

Baridi alishangaa kwamba mikono yake imetulia. Kesho Asubuhi ilikuwa imefunguliwa leo, na kwa mwaka mzima mbele hakuna wa kuigusa.

Chuma hakupoteza muda. Saa kumi na moja na dakika tatu simu zote tatu zililia pamoja, ya Baridi, ya marehemu, na ya Sahihisha, raia wa siku moja. Ilikuwa amri ya kwanza ya mwenyekiti: orodha ya nchi za kuondolewa. Shemeji alivaa miwani yake ya kutungia sindano, akaipitia kwa kidole, taratibu, kuhakikisha.

— Yake haimo, alisema.

— Haimo, Baridi alisema. Imepona.

Lakini shemeji hakuiweka simu chini. Alirudi juu ya orodha, akaanza kusoma.

— Bonde la Bibi. Jamhuri ya Ndugu Wawili. Nchi Isiyo na Jumatatu. Himaya ya Chumba Namba Nne. Ziko kumi na sita. Alinyanyua macho, akawatazama mmoja mmoja. Hawa wamepatwa na nini?

Mama Fotokopi alizipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Sahihisha aliirudisha kofia juu ya simu yake. Kona alitazama barabarani, ambako hakukuwa na gari. Baridi, aliyeomba kura za kanda nzima kwa miezi miwili kwa ajili ya nchi moja, alichukua simu yake akalitazama jina la kwanza, akalitazama la pili, akijiuliza ni nani walioachiwa simu zao, shemeji akiwa bado anangoja jibu.