Mama Hodi Anazima Kompyuta

Mwanangu sasa hivi amelamba skrini ya simu, pale pale penye picha ya Mwalimu wetu. Nimeipangusa na ninaendelea, maana darasa limenichagua mimi niandike salamu za kumuaga na programu ya sherehe inachapwa kesho.

Mwalimu wetu wa uuguzi anastaafu Ijumaa hii, mwisho wa mwezi, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Alianzia wodi ya wazazi, akahamia chuoni, akafundisha watu kuosha vidonda kwa mdoli mwenye mkono mmoja. Masomo yalipohamia mtandaoni, mdoli aliwekwa kabatini na yeye akawekwa mbele ya kompyuta, na haijulikani kati yao nani alishangaa zaidi. Somo la kwanza alilifundisha lote kipaza sauti kimezimwa. Tulipomwambia, alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akarudia yote tangu mwanzo.

Na sisi wanafunzi wake hatukuwa wa kusifiwa. Ulimi hauna mfupa, na nyuma ya skrini ndio hauna kabisa. Mtu aliingia darasani anatafuna, mwingine kajilaza kitandani, wengine wanaandikiana kejeli huku somo linaendelea. Ndipo akaleta sheria yake: kila anayeingia apige hodi, asubiri kukaribishwa. Mwenzetu mmoja, bingwa wa mizaha, akauliza kama mlangoni kuna tambara la kufutia miguu. Akajibiwa kwamba lipo, aanze na mdomo. Jina la Mama Hodi lilizaliwa siku hiyo. Kumbe alikuwa anatuandaa kwa pazia la mgonjwa, kwamba halifunuliwi hivi hivi tu.

Lakini siku ninayomshukuru zaidi ni ile mwanangu alipokuwa anaota meno. Nilikuwa nimempakata, analia, nami naandika somo kwa mkono mmoja. Yule bwana wa mizaha akaandika, darasa zima likaona: mwenye banda la kuku afunge. Vicheko vikafuatana. Kidole changu kilikuwa tayari penye kitufe cha kutoka, na moyoni nilishaamua sirudi tena.

Mwalimu akasimamisha somo. Hakufoka wala hakumtaja mtu.

"Wagonjwa wenu nao watalia," alisema. "Mtawazima?"

Kisha akaniomba nimsogeze mtoto kwenye kamera, akawaonyesha wenzangu ufizi uliovimba ulivyo, na somo la siku hiyo likawa mwanangu. Yule bwana alinipigia baadaye akaniomba radhi, tena tangu hapo ndiye aliyekuwa akinielekeza pale niliposhindwa. Tumefaulu wote wawili.

Mwalimu, asante kwa kutukanya bila kutuaibisha. Tulifuata cheti, ukatuongezea na utu. Nenda ulale mpaka jua likuamshe, wajukuu wakuchoshe kwa raha zote. Tunakuombea afya na siku tulivu, nasi tunaahidi kwamba popote tutakapopangiwa kazi, mgonjwa atakayetuangukia mikononi hata... jirani anaita kutoka upande wa pili wa ukuta, "Nesi, njoo mara moja umtazame mama," na kwa mara ya kwanza nesi anayeitwa ni mimi, basi ngoja ni...