Sanduku la Korongo

Zimeni kwanza hiyo kompresa, halafu njooni mkae hapa karibu, maana sauti yangu haina tena ubavu wa kushindana na mashine. Mkubwa, ile ndoo ya mafuta ya gia igeuze uikalie. Binti yangu, wewe pita upande huu wa kitanda, sogeza hizo dawa, kaa. Na wewe fundi bodi, si ndugu yetu wa damu, lakini umegonga mabati kwenye uwanja huu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, kwa hiyo simama hapo mlangoni uwe shahidi, na leo hutapeleka maneno ya kaka kwa dada wala ya dada kwa kaka, kwa sababu wote wawili wamo humu ndani na masikio wanayo. Nitasema mara moja tu. Atakayesinzia shauri yake.

Nawaambia mapema, msije mkanitungia mengine nikishaondoka: sina hofu, na wala huzuni sina. Ganzi hii ilianzia nyayoni, ikapanda magotini, sasa imeshika mikono yote, na juzi daktari alinichoma sindano kwenye kidole gumba akaniuliza nasikia nini, nikamjibu kwamba nakuona unanichoma, basi. Ndani ya moyo nako ni hivyo hivyo. Mama yenu alipotutoka, asubuhi tulimzika, na jioni mimi nilikuwa chini ya gari la mtu nikifunga sampo, lile bakuli la oili, watu wakasema mzee huyu kajikaza kiume. Sikujikaza hata kidogo. Nilikuwa nangoja uchungu uje, nikawa nafunga bolti huku nangoja, na mpaka leo haujafika. Kwa hiyo mkiniona nazungumza kifo changu kama mtu anayezungumzia matairi, msidhani najitia ushujaa.

Mali yangu mnaijua. Vyumba hivi vitatu ni vya ukoo, haviuzwi kwa mtu, na yeyote wenu atakayekosa pa kulala atakuja kulala hapa bila kubisha hodi. Nguo zangu zina mafuta, zifanyeni matambara. Kinachowatoa roho ni vitu viwili: gereji, na lile sanduku la kijani lililo chini ya kitanda hiki. Msifikiri kwa kuwa nimelala basi sisikii. Nimewasikia hapo dirishani mkipanga, kupitia mdomo wa huyu huyu fundi bodi, kwamba gereji itakuwa ya Mkubwa kwa kuwa ni mkubwa, na sanduku litapasuliwa katikati, spana ndogo ziende kwa mmoja na kubwa kwa mwingine, kama watu wanaogawana mbuzi. Nikasema moyoni, hawa watoto wana akili gani?

Sanduku lile nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza cherehani, alipofunga duka lake. Wakati huo nilikuwa na spana za kuokoteza, kila moja na kabila lake. Akalifungua mbele yangu, nikaona zimelala kwenye kitambaa, nyembamba, shingo ndefu, mikono mifupi, na kila moja imegongwa picha ya ndege mwenye miguu mirefu. Kiwanda chenyewe kina jina ambalo hakuna aliyewahi kulitamka bila kujing'ata ulimi, ndiyo maana tukaziita Korongo, na Korongo zikabaki. Ukiniuliza kiwanda kiko wapi sijui. Muuza vipuri wa hapo kona hajawahi kuziweka dukani kwa sababu haziulizwi, na watu hawaziulizi kwa sababu hawajawahi kuziona dukani kwake, basi wamezungushana hivyo mpaka amezeeka.

Mafundi nao kila mmoja ana lake. Fundi bodi, usicheke, wewe ndiye uliyesema Korongo zinafaa kukorogea chai. Yule fundi wa malori tuliyemwita Tani Kumi, Mungu amrehemu, alizishika mara ya kwanza, akazipima kiganjani, akasema hii ni spana inayoiogopa nati. Fundi umeme yeye aliapa kwamba racheti ya Korongo haina mfano, kwamba meno yake ni madogo kiasi kwamba hata mahali ambapo mkono haupati nafasi ya kugeuka, ukiitikisa kidogo tu imeshauma. Fundi wa pikipiki yeye aliazima tu. Na mnajua sheria ya uwanja huu, kwamba hakuna kuazima kwa maneno matupu: ukichukua kifaa cha mtu, unaacha kiatu chako kimoja pale kilipokuwa kifaa, na hukipati mpaka urudishe. Basi mimi sikuwa na haja ya kusikiliza maoni ya mtu, nilikuwa natazama miguu. Fundi bodi huyu amezisema vibaya Korongo mchana kutwa huku akichechemea na kiatu kimoja, mguu mwingine unaungua kwenye lami. Tani Kumi mwenyewe, na mwili wake ule, nilimkuta siku moja anarukaruka kwa mguu mmoja kuvuka dimbwi la mafuta, akaniangalia, akaniambia, "Nyamaza." Nikageukia gari langu.

Mimi mwenyewe nitasema ukweli, maana mtu anayekufa hana biashara ya kutangaza. Bisibisi za Korongo ni takataka, ncha zinapinda ukizikodolea macho tu. Plaizi zao zinabana ngozi ya kiganja. Lakini zile spana za ringi zenye shingo ndefu, sijaona za kufanana nazo, na wanaozitukana wanazitukana kwa kosa ambalo si kosa. Wanasema mkono wake ni mfupi. Umefupishwa makusudi, ili nguvu unayoitia iwe ile ya mkono wako, uisikie nati inavyokujibu. Wanasema ni laini, ukizidisha inapanuka mdomo. Ndiyo. Inapanuka yenyewe kabla bolti haijakatikia ndani ya injini, na mdomo wa spana ukipanuka umepoteza spana, lakini bolti ikikatikia ndani mmepoteza wiki nzima na mteja pia. Ile ya kampuni kubwa, anayoipenda Mkubwa, haipanuki. Ile inakata bolti huku inang'aa.

Sasa tufike pale pachungu. Mkubwa, wewe watu hawakukuita Bomba kwa kukuonea. Kila nati inayokukatalia unachomeka bomba la chuma kwenye mkono wa spana, unaning'inia, na nyingi zinafunguka, sikatai, wewe una nguvu na wateja wa malori wanakutaka wewe. Lakini siku ile ulichomeka bomba kwenye Korongo, chini ya lile basi dogo, dada yako akakwambia mbele za watu, "Kaka, hiyo utaiua," na wewe ukavuta hivyo hivyo, ikapanuka, ukaitupa sakafuni ukasema, "Bati hili, kaendelee kuchezea wewe." Na wewe binti yangu hukumeza mate. Ulimjibu kwamba mwenye mikono ya kubebea magunia akabebe magunia. Wateja wakacheka. Tangu hapo yeye yuko upande wa geti, wewe uko upande wa ukuta na pampu zako za dizeli, na hapo katikati anapita fundi bodi, "Kaka yako anasema uhamishe jeki," "Dada yako anasema jeki iko wazi, achukue."

Nimewaambia sisikii uchungu wowote, na ni kweli, lakini hilo nalisikia. Nashangaa mwenyewe. Nimelala hapa, miguu siijui iko wapi, mikono siijui, kifo hakinitishi, halafu inapita sauti ya huyu fundi bodi akisema "kaka yako anasema", na mahali fulani humu ndani panauma. Ndipo nilipojua bado niko hai. Nipeni maji. Kidogo, yanatosha. Nifute hapo kidevuni, mama, binti yangu, sijui yamemwagika wapi.

Basi sikilizeni nilivyoamua, na fundi bodi weka moyoni. Gereji, nasema uwanja, banda, shimo, jeki, kompresa na jina langu lililoandikwa juu ya geti, nampa binti yangu. Sanduku la Korongo, kuanzia spana ya kwanza hadi zile bisibisi mbovu, nampa Mkubwa, zima, bila kupasuliwa.

Mkubwa, usisimame. Kaa. Nimesema kaa, ndoo haijachoka.

Najua. Wewe ulijiona umeshika geti tangu mwaka jana, umeshawaambia watu utapaka rangi gani. Na wewe mama, ulikuwa unalifuta vumbi sanduku lile kila Jumamosi mimi nikiwa najifanya nimelala, hakuna mtu katika uwanja huu anayezijua zile spana kama wewe, na sasa nampa yule aliyeitupa moja sakafuni. Nayaona machozi yako. Yafute au yaache, mimi hayanifikii, lakini nayaona.

Nimempa kaka yako kwa sababu mkono wako wewe umeshajua kusimama. Hata nikikuachia spana ya mabati utaisikiliza nati na itafunguka. Yeye hajawahi kukaa na kitu kinachomkataa. Nataka awe na mali ambayo akiilazimisha itaharibika mbele ya macho yake, yake mwenyewe, si ya baba, si ya dada, asiwe na mtu wa kumtupia lawama. Na wewe nimekupa uwanja kwa sababu wewe hujawahi kumfungulia mtu mlango bila kumpima kwanza kwa macho, na mwenye geti hawezi kuishi hivyo. Wateja hawaji mmoja mmoja wakiwa wamenawa.

Na haya ndiyo masharti. Mkubwa, sanduku halitoki nje ya geti, haliuzwi, haliazimwi mtaa wa pili. Binti yangu, banda halikodishwi kwa mwingine, na kaka yako hafungiwi nje hata kama amekutukana. Zile nati za nozeli za dizeli zilizojificha nyuma ya pampu, unajua mwenyewe hazifikiwi na spana nyingine mpaka uvue nusu ya injini. Kwa hiyo kila asubuhi utamwomba kaka yako Korongo. Na yeye hana shimo wala jeki wala paa, kwa hiyo kila asubuhi atakuomba wewe ruhusa ya kuingiza lori. Mtaombana kwa midomo yenu wenyewe. Fundi bodi, ukibeba neno moja kati yao baada ya leo, hata kama ni salamu, umenivunjia wosia. Umenisikia? Itikia kwa kichwa, usinililie na wewe.

Hamtaki? Mnaweza kukataa. Nikishafumba macho hakuna wa kuwashika mikono, huyu atatoka na sanduku lisilo na pa kufanyia kazi, yule atabaki na uwanja usio na cha kufungulia nati, na baada ya muda geti litafungwa na mtu atapanga magunia ya saruji humo. Ni juu yenu. Mimi nitakuwa sipo, na hata sasa nusu yangu haipo.

Nizikeni siku yoyote, msingoje watu wa mbali. Msinivishe ovaroli, nimelivaa vya kutosha. Lile lori lililo shimoni bila gia, mwenyewe anangoja mzigo wake, msimlaze njaa kwa ajili yangu, mkitoka makaburini mlipandishie gia yake. Mnalijua lile, gia yake haipandi kwa mtu mmoja, mmoja awe chini anainua, mwingine awe juu anaelekeza ule mhimili uingie, na wa juu akinyamaza wa chini anavunjika mgongo. Kwa hiyo mtasemezana. Hata kama ni "kushoto" na "shusha", mtasemezana.

Msogee. Siwaoni vizuri. Wekeni mikono hapa kifuani, huko kwenye vidole hakuna faida. Mungu awape mikono inayosikia. Awape wateja waungwana, na wasio waungwana awape subira nao. Mkubwa, Mungu akulinde na nguvu zako. Mama, Mungu akulinde na ulimi wako, maana ni wa mama yako ule, naujua. Msizeeke mkiwa upande wa geti na upande wa ukuta. Hiyo ndiyo... hiyo ndiyo dua yangu, sina nyingine.

Mbona mmetazamana? Muda mrefu sijawaona mkitazamana. Mmenikasirikia? Mkubwa, wewe? Na wewe mama? Wote wawili? Haya. Ni jambo la kwanza mnakubaliana tangu lile basi dogo. Lishikeni hilo hilo. Nichukieni pamoja, nisemeni pamoja, kaeni pale kwenye benchi mseme mzee yule alikuwa na roho mbaya, mmoja aanze mwingine amalizie. Mimi nina... mimi sina neno.

Nimechoka. Kuna honi... kuna mtu getini anapiga honi, au ni masikio yangu? Ni honi. Basi nendeni mkamfungulie.

Si mmoja. Nimesema nendeni... nendeni wote.