Vidonge Viwili vya Xavérine wa Nengo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Xavérine Mukandutiye, muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, wa Nengo. Ametutoka Jumanne iliyopita, mwezi huu wa Agosti 1998, akiwa na miaka hamsini na mbili.

Wengi mlimjua kwa sauti yake. Mteja akilalamikia bei, alimjibu: "Bon, ngoja za bure, ziko zinakuja na miguu!"

Xavérine alikuwa na presha. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Faradji alimpa vidonge viwili vya kila asubuhi. Viwili: kimoja cheupe, kimoja cha njano. Akamwambia: "Mama, mitumbwi ya sambaza inafungwa pamoja. Ukifungua moja, wavu inaanguka. Na hizi dawa ni vile vile."

Xavérine alielewa. Marehemu mumewe alivua kwa mitumbwi hiyo.

Lakini nyuma ya ukuta wake aliishi wifi yake, Donatille. Naye kichwa kilimgonga, macho yaliingia giza. Kituoni hakutaka kwenda.

"Ile kitu ya kupima inabana mukono kama nyoka. Mi siendi!"

"We muoga sana, wifi," Xavérine alicheka. "Lete mukono basi." Akamtilia kidonge cha njano kiganjani.

Wasikilizaji wapendwa, kwetu mtu hali peke yake jirani akimtazama. Wawili hawa waligawana chumvi. Waligawana makaa. Kwa miezi minne wakagawana dawa: cheupe kwa Xavérine, cha njano kwa Donatille. Kichwa cha Donatille kilitulia kidogo, wakafurahi. Kumbe kila mmoja alimeza nusu ya tiba.

Jumanne, Xavérine alianguka sokoni, mkono ungali ndani ya beseni la sambaza. Hakuamka tena.

Msibani, Donatille alimweleza Faradji yote. Muuguzi hakumgombeza. Alisema polepole: "Mama, mungekuja wote wawili, kila mutu angepata zake."

Kesho yake Donatille alikwenda kupimwa. Sasa anameza vyote viwili. Nilimuuliza juu ya kile kipimo. Alisugua mkono wake.

"Ilibana kidogo tu," aliniambia. "Kidogo tu, dada."

Kwa Donatille, kwa watoto wa Xavérine na wenzake wa sokoni, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki tufikiri: ukimpenda mgonjwa mwenzako, usimgawie kidonge chako. Mshike ule mkono anaouogopea, mwende naye.