Kopo la Maji ya Udhu

Hapana, Eddo Dahabo, leo sikai chini. Alhamisi iliyopita ulinikalisha nikakaa, kwa sababu wewe ni dada ya baba yangu na mimi nimelelewa. Ulisema mtu anayesimama kusema Mungu amemwokoa lazima awe amepona, na mimi bado nameza vidonge asubuhi na jioni, sasa nimeokolewa kutoka wapi? Watu wakacheka. Nikaenda nyumbani, nikachukua daftari langu, nikaandika kurasa tisa bila kunyanyuka. Leo nazisoma. Ustadha ameniruhusu.

Assalamu aleikum, ndugu zangu. Nimesalimu nikiwa nimechelewa, mnisamehe. Hata mwenye hasira anatakiwa kusalimu.

Kwa wale ambao hawanijui, mimi ni Nimo, wa hapa mtaa wa Waberi, Garissa, nilimaliza kidato cha nne na sasa nina miaka ishirini na tatu. Darsa yetu ina Wasomali, Waborana, Wamunyoyaya na mama mmoja wa Lamu, ndiyo maana naongea Kiswahili changu cha shule. Kikivunjika mniokotee. Majirani zetu Wakristo wakitendewa jambo na Mungu wanasimama mbele ya watu na kulisema. Sisi tumezoea kusema alhamdulilahi, halafu tunanyamaza. Mimi nimechoka kunyamaza.

Eddo, umeuliza nimeokolewa kutoka wapi. Nimeokolewa kutoka kwa msumeno. Sasa sikilizeni.

Mnakumbuka nilivyokuwa. Ile miaka wakimbizi walipoanza kuvuka kuja Dadaab, na huku kwetu mvua imekataa, mtu mnene alikuwa ni furaha ya nyumba. Wageni wakija, Hooyo alikuwa ananiita nitoke nje nisalimie, hata kama sina kazi huko nje, ili tu wanione. Mama yangu hakuwa na dhahabu ya kuonyesha, alikuwa na mimi. Nilikuwa nakula anjera sita asubuhi na siagi, na chai ya kwetu mnaijua, kikombe kimoja vijiko vitano, na vikombe sikuhesabu. Kuna siku nilitaka kupunguza chakula, Hooyo akalia. Alisema majirani watafikiri duka la baba limeanguka.

Halafu kiu ikaja. Nilikuwa nakunywa jagi zima na midomo bado inakauka. Nikawa naenda choo kila saa. Macho yakaanza kunifanyia ukungu mpaka siwezi kusoma Kurani yenye herufi ndogo. Nikaenda zahanati, wakapima mkojo, wakaniambia ni sukari. Wakanipa vidonge na karatasi ya vyakula. Ile karatasi niliikunja nikaiweka ndani ya daftari, na vidonge nilikuwa nameza nikikumbuka. Nasema ukweli, ndugu zangu. Sikuamini. Sukari ni ugonjwa wa wazee, mimi bado hata sijaolewa.

Hapo ndipo wewe, Eddo, uliingia. Na sikulaumu, nasema tu kilichotokea. Ulikuja nyumbani ukamwambia Hooyo kwamba vidonge ni vya watu wa mjini, dawa ya sukari ni maziwa ya ngamia, siku arobaini, na ngamia wa ukoo wetu wapo malishoni ng'ambo ya Bura. Ulisema dawa mbili hazikai tumbo moja. Kwa hivyo mkebe wa vidonge ulibaki juu ya kabati, na mimi nikapanda pamoja na wewe lori la mbuzi lililokuwa linarudi Bura tupu.

Maziwa ya ngamia ni baraka, mimi siyatukani. Lakini niambieni nani kati yetu anakunywa maziwa matupu siku nzima? Kule kwenye kambi ya wachungaji yalikuwa yanachemshwa na majani ya chai, na sukari inatiwa kwa ngumi. Mimi mwenyewe niliuliza kama sukari sio tatizo. Eddo alinijibu, na wote wakacheka, hata mimi:

"Kama maziwa yanaua sukari ya kwenye damu, hii ya kwenye birika itajificha wapi?"

Ilionekana ni akili kabisa. Nikanywa.

Sasa fikeni na mimi kwenye jambo lenyewe. Maji kule yalikuwa ya kunywa tu, kidogo, yanaletwa kwa ngamia kutoka mbali. Kwa hivyo hatukuwa tunachukua udhu kwa maji. Tulikuwa tunatayamamu, kama dini inavyoruhusu: unapiga mchanga kwa viganja, unapaka uso, unapaka mikono, basi. Miguu haiguswi. Na mimi na tumbo langu lile, nikiinama nilikuwa siioni miguu yangu hata nikitaka. Siku kumi na tisa nilivaa akala asubuhi, nikavua jioni gizani, na sikuona nyayo zangu hata mara moja.

Kuna siku fulani katika hizo, mwiba wa mgunga ulipita kwenye akala ukaingia mguu wa kushoto. Siku gani sijui. Sikusikia. Mtu akichomwa na mwiba anaruka, mimi niliendelea kutembea.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa na homa na natapika, Eddo akasema ni dawa inafanya kazi. Lakini lori lilikuwa linaenda Garissa na mbuzi, na mimi nikapanda bila kuaga vizuri. Nilifika nyumbani alasiri. Hooyo aliniletea kopo la maji nichukue udhu, akasimama karibu kwa sababu nilikuwa nayumba. Nikaosha uso, mikono, nikapaka kichwa. Nikaosha mguu wa kulia. Nilipopitisha mkono chini ya mguu wa kushoto, kidole changu kiliingia ndani.

Nilimsikia Hooyo akipiga kelele. Uchungu wenyewe sikusikia kabisa, hata kidogo, na hilo ndilo lilinitisha kuliko shimo lenyewe. Mguu ulikuwa wangu lakini ulikuwa kama wa mtu mwingine. Na ile harufu ya kuoza nilikuwa nayo safari nzima, nikifikiri ni mbuzi.

Muuguzi wa zahanati ni Sista Mwende, Mkamba mmoja mfupi ambaye hacheki na mtu. Alitoa mwiba na koleo ndogo, akaosha, akanidunga sindano, akarudisha vidonge vyangu. Halafu akachukua kalamu ya wino wa bluu akachora mstari kuzunguka mguu, hapa, juu kidogo ya kifundo, pale uvimbe ulipokuwa umefika.

"Nimo, uvimbe ukivuka huu mstari, unaenda Nairobi," alisema. "Na huko hutarudi na huu mguu."

Ndugu zangu, mimi nimefanya mtihani wa kidato cha nne, najua kuogopa. Ile haikuwa kuogopa kwa namna hiyo. Nililala na mguu umewekwa juu ya mto, Hooyo pembeni na tasbihi, na sisi wawili tunaangalia mstari wa kalamu kama mtu anavyoangalia mto Tana ukijaa. Nikamwomba Mungu. Sikuomba kupona sukari. Niliomba kitu kidogo: usivuke. Nikasema, ya Rabi, Wewe ulinitolea huu mguu pale kwenye kopo la udhu ukanionyesha, hukunionyesha ili uuchukue. Labda ni adabu mbaya kuongea na Mungu hivyo. Lakini ndivyo niliongea.

Siku ya kwanza uvimbe ulikaa kwenye mstari. Ya pili ulikaa. Siku ya tatu Hooyo alishika mguu wangu, akapima kwa kidole chake, akasema kuna nafasi ya kidole kimoja kati ya uvimbe na wino. Alhamdulilahi! Huo ndio uponyaji wangu, Eddo. Nafasi ya kidole kimoja.

Nilipokwenda kubadilishiwa bandeji, nilimwambia Sista Mwende Mungu ameniokoa. Yeye akanijibu na maneno ambayo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari:

"Mungu amewapa nyinyi kuosha miguu mara tano kwa siku. Wagonjwa wangu wengine nawabembeleza waangalie mara moja tu. Wewe unaosha bila kuangalia. Sasa uwe unaangalia."

Basi tangu siku hiyo mimi nikiosha, naangalia. Katikati ya vidole, kisigino, chini. Nimeweka kioo kidogo cha Hooyo chini ya mguu. Na mahali hakuna maji, nikishatayamamu, navua viatu nakagua, hata watu wakinishangaa.

Kidonda kilichukua miezi mitatu. Kilipofunga, Sista akaniambia viatu vya kufunika vidole, chai bila sukari, na kutembea kila siku mpaka nitoke jasho. Msifikiri mimi ni malaika. Wiki ya kwanza nilikunywa chai tupu nikaona kama nakunywa maji ya kuosha sufuria. Harusi ya binamu yangu nilikula halua nikijificha nyuma ya mlango wa stoo, kwa mkono, kama mwizi. Zahanati mizani ilikuwa imekwama, kwa hivyo nilikuwa napimwa kwa ile mizani ya magunia pale kwa muuza unga. Mwezi wa kwanza, kilo zilezile. Wa pili, zimeongezeka mbili, na muuza unga akauliza kama nimelowa. Nililia njia nzima. Mwezi wa tatu zikashuka nne. Sasa zimeshuka kumi na nane, na huyo muuza unga ananidai sherehe.

Lakini kutembea ndiko kulinitesa. Hapa kwetu mtu hatembei tu. Anaenda mahali. Siku ya kwanza nilitoka baada ya alfajiri nikaelekea upande wa daraja, haraka haraka, na kina mama wa maziwa wakaniuliza nani amekufa. Mmoja akauliza kama nimefumaniwa. Kwenye kizuizi, askari akataka kitambulisho, akauliza naenda wapi. Nikasema siendi mahali, natembea tu. Akasema hakuna mtu anatembea bila kwenda, akaniweka kando nusu saa.

Kesho yake nilibeba mtungi wa plastiki wa manjano, wa lita ishirini. Mtupu. Huyo askari hakuinua hata macho. Kina mama wakasema masha Allah, Nimo amekuwa mchapa kazi. Miezi saba nimetembea na mtungi mtupu mpaka darajani na kurudi, bila kuchota hata tone. Nyinyi wote mmenipongeza kwa maji ambayo hayakuwepo. Nilikuwa naona haya kusema kwamba natembea ili niishi.

Sasa mnanicheka kwamba bado nameza vidonge. Ndiyo, nameza! Nitameza kesho na kesho kutwa. Mtu aliyetolewa mtoni akiwa anazama, hamumwambii hajaokolewa kwa sababu nguo bado zina maji. Mungu hakuniondolea sukari. Alinionyesha mguu wangu kabla haujakuwa wa msumeno, akanipa macho ya kuuangalia, na vidonge, na huyo Mkamba asiyecheka. Nikitupa vidonge niseme namtegemea Mungu, hapo ndipo nitakuwa nimemrudishia zawadi yake usoni.

Wewe unayesikia kiu isiyoisha, wewe mama unayeamka usiku mara nne kwenda choo, usingoje kuwa mzee. Mtegemee Mungu na uende ukapimwe. Si lazima uchague moja.

Nimebakisha jambo moja, na hili sikuliandika kwenye zile kurasa tisa. Nimeliandika saa hii tulipokuwa tunavua viatu pale mlangoni.

Eddo Dahabo, nilichoona sitakisema chote mbele ya watu. Wewe unajua ni mguu gani. Unajua ni tangu lini unauvalisha soksi huo peke yake na joto hili. Jumapili ulikunywa maji jagi zima nyumbani kwetu, ukasema ni pilipili. Ulinikalisha chini wiki iliyopita, na sasa nafikiri hukuwa unabishana na mimi, ulikuwa unabishana na huo mguu.

Ninaogopa kukukosea adabu, lakini naogopa zaidi msumeno. Kesho, tukishaswali alfajiri, nitatoka na mtungi wangu wa manjano kama kawaida, lakini kesho utakuwa umejaa. Maji ya vuguvugu, nitayapasha mwenyewe. Nimeshaongea na mwenye mkokoteni wa punda atusubiri kwenye kona yako, atupeleke kwa Sista Mwende, kwa sababu mguu wenye kidonda hautembezwi. Nitakuja na kopo na kile kioo cha Hooyo. Ukinifungia mlango nitakaa kizingitini. Ukiyamwaga maji nitarudi nyumbani nipashe mengine, njia ya darajani inapita kwako, nimeizoea miezi saba. Nitaosha wa kulia kwanza, kama kawaida. Halafu utanipa wa kushoto, na tutauangalia pamoja.