Kumuaga Shemeji Elsie, Kumzika Mzee Fong

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Tarrick, Bi Trudy Pascoe, Mheshimiwa Mbunge, ambaye nimeambiwa yuko njiani tangu asubuhi, wazee wa Dja Dja Wurrung, wenye ardhi hii kabla ya dhahabu na baada ya dhahabu, Mchungaji Baines, wajumbe wa kamati ya Makumbusho ya Wachina, ndugu zangu wa ukoo wa Lun Shing, wa Moy na wa Quong, mliotoka Melbourne na Ballarat kwa baridi hii, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Na wewe Mzee Fong, uliyekalishwa kiti cha mbele ndani ya mtungi wako, umefungwa kitambaa chekundu, nakusalimu wa mwisho ingawa kwa umri ulistahili kuwa wa kwanza. Utaratibu huo si wangu, ni wa ofisi ya Meya, kwa hiyo kama umekasirika unajua pa kwenda.

Mimi ni Mervyn Lun Shing. Wengi wenu mmekula nyama yangu kabla sijafunga bucha. Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia na kamati, na nimeombwa nisizidishe. Aliyeniomba nisizidishe ni huyu hapa, shemeji yangu Elsie, mke wa marehemu kaka yangu Wally, mtunzaji wa makumbusho haya tangu yalipokuwa hekalu bovu lenye popo darini. Leo tuna mambo mawili, na yote mawili ni ya kuaga. Tunamzika Mzee Fong hapa Tarrick. Na kesho Elsie anapanda ndege kwenda kukaa kwa binti yake Glenys huko Perth, kwa sababu moyo wake umechoka na daktari hataki aishi peke yake tena. Mkiniona nasitasita, mjue ni huzuni. Uzee bado.

Ndugu wageni, kwa wale mnaomwona Mzee Fong leo kwa mara ya kwanza, niwaeleze. Kwa wazee wetu, mtu aliyekufa ugenini alizikwa kwa muda tu. Miaka ikipita, jamaa walimfukua, wakamsafisha mifupa kwa pombe, wakaikausha juani, wakaipanga ndani ya mtungi, miguu chini kichwa juu, kama mtu aliyekaa akingoja kuitwa. Kisha wakamtafutia meli ya kumrudisha kijijini kwao, akalale na baba zake. Mzee Fong alichimba dhahabu hapa, akafa hapa, akafukuliwa, akapangwa, na kwenye mtungi akaandikiwa jina na kijiji chake, Shek Tong, huko Toishan, Uchina. Ndipo vita vikaja na meli zisije. Vita vile vilipokwisha vikaja vingine. Waliomfungasha safari wakafa mmoja mmoja, naye akabaki chumba cha nyuma cha hekalu, amefungashwa safari.

Elsie alipokabidhiwa funguo alimkuta nyuma ya ndoo za rangi. Wajumbe wa wakati ule, Mungu awarehemu, wakasema awekwe kwenye kabati la kioo, watoto wa shule wamwone. Elsie akauliza, "Wewe, babu yako yuko kwenye kabati la kioo?" Mjadala ukaishia hapo. Mzee Fong akapewa chumba, akapewa dirisha, na kila mwaka siku ya kusafisha makaburi, majani ya mipopla yakiwa yamegeuka manjano kama sasa, akaandaliwa wali, kuku wa kuchemsha, machungwa, nguruwe wa kuchoma kutoka kwangu, na kikombe cha wiski. Wiski ya bei poa, samahani mzee, makumbusho hayana fedha. Elsie akishamwaga, humwambia, "Kula, babu. Mwaka huu unakwenda."

Mwaka huu unakwenda! Kila mwaka ni mwaka huu. Kaka yangu Wally alikuwa akicheka, "Elsie, mzee huyu angekuwa na miguu angeshakwenda mwenyewe kwa miguu." Lakini Wally alicheka kwa mdomo tu. Ndiye aliyekuwa akimbeba.

Mnakumbuka ule moto mkubwa wa msituni, tulipohamishwa wote kwenda ng'ambo ya kijito, kwenye ukumbi wa klabu ya mpira? Watu waliokoa mbwa, albamu, mashine za kushonea. Elsie alimwokoa Mzee Fong. Moto ulipopita, Wally akampakia kwenye pikapu, akavuka daraja mbio, akamrudisha chumbani kwake, sote tukashukuru. Kesho yake asubuhi Elsie akashika kichwa. "Wally! Kwenda tulimwita, kurudi tumemvusha mzee bila kumwita!"

Sisi tunajua uzito wa jambo hilo. Ukimbeba marehemu, kila mkifika darajani lazima umwite, umwambie hapa ni maji, vuka nasi, la sivyo roho yake inabaki ukingoni ikishangaa, nyie mnakwenda na mifupa mitupu. Basi Wally akapakia mtungi tena, akarudi mpaka ng'ambo, akageuza gari. Katikati ya lile daraja la gari moja, Elsie akashuka, akasimama anaita, "Babu Fong! Hili ni daraja! Vuka na sisi, usiogope!" Nyuma yao lori la kondoo likapiga honi. Dereva akatoa kichwa.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na abiria wangu."

"Mbona simwoni?"

"Ngoja basi, hajavuka bado!"

Naye dereva akangoja, tena akavua kofia. Nimesikia yuko hapa leo. Simama tukuone, Barry. Huyo hapo. Ahsante, Barry.

Mheshimiwa Meya, nacheka kwa sababu nikiacha kucheka nitashindwa kufika mwisho. Naomba sasa niseme lile gumu.

Elsie na Wally walijinyima, wakasafiri hadi Toishan kumtafutia Mzee Fong nyumba. Walikwenda bila mtungi, kwanza waone mahali, wawaulize jamaa. Waliporudi nikamuuliza shemeji, vipi huko? Akajibu, "Nchi nzuri," akaingia jikoni. Aliyenieleza ni Wally, buchani kwangu, milango imefungwa. Walipanda mashua kwenye ziwa kubwa, wakamwambia mwenye mashua awapeleke Shek Tong. Akapiga makasia, akapiga makasia, akasimama katikati ya maji. "Tumefika," akasema. "Kiko hapo chini yenu." Serikali ya kule ilijenga bwawa zamani. Kijiji kilizama na makaburi yake, na watu wa ukoo wa Fong walitawanywa, hakuna ajuaye walikotupwa.

Elsie alilia mashuani. Kisha akarudi Tarrick, na siku ya makaburi ilipofika akaandaa wali, akaandaa kuku, akamwaga wiski, nami nikamsikia kwa masikio yangu: "Kula, babu. Mwaka huu unakwenda." Ningemwambia nini? Nani kati yenu angemwambia?

Wally alipofariki, mimi ndiye niliyesimama kwenye kamati nikasema mzee azikwe hapa. Sijutii. Tuligombana, mimi na shemeji, ugomvi wa kununiana barabarani. Alinitolea maneno mbele ya watu: "Merv, huyu mzee hakuja huku kulala. Alikuja kuchuma arudi kwao. Wewe umezaliwa hapa, utajuaje?" Nikamjibu kwamba hata yeye kazaliwa hapa, tena hospitali ileile. Hakunisemesha mpaka Krismasi. Lakini mwaka jana, daktari alipomwambia habari ya moyo, aliingia kikaoni, akanyoosha mkono wake mwenyewe, akasema azikwe. Hakuna aliyeshangilia.

Tatizo likawa kaburi. Upande wetu wa makaburi umejaa mpaka kwenye uzio, na nje ya uzio ni barabara. Tulizunguka, tukapima, tukaomba, ikashindikana. Elsie akasema, "Niachieni mimi." Tukamwachia. Tumezoea kumwachia.

Sasa sikilizeni. Juma lililopita, siku ya makaburi, nilifika hapa asubuhi nimebeba nguruwe mabegani, bado wa moto. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa wazi, na Elsie amepiga magoti mbele ya mtungi. Nikasikia anasema, "Babu Fong, nimekudanganya. Kwenu hakuna tena, pamejaa maji. Nilikwenda nikaona kwa macho yangu, nikanyamaza kwa sababu sikuweza kukwambia. Nisamehe. Utalala hapa hapa Tarrick, kando ya mume wangu. Anakoroma, mvumilie. Ni mtu mwema."

Ndugu zangu, kando ya Wally pana nafasi moja tu. Nafasi hiyo ni ya Elsie. Waliinunua pamoja, na jina lake limeshachongwa kwenye jiwe, limebaki kutiwa mwaka.

Nikamwambia, "Una wazimu, wewe?"

"Usinipigie kelele, nipo na mzee. Na mweke nguruwe chini, mafuta yanakutiririka shingoni."

"Hiyo ni nafasi yako!"

"Si nimempa?"

"Na wewe ulale wapi?"

"Mimi nina Glenys. Huyu ana nani?"

"Elsie, Perth ni mbali."

"Ndiyo. Watanichoma niwe majivu, Glenys ataniweka kwenye rafu, karibu na redio. Nitasikiliza kriketi."

Mimi ni mchinjaji, nimeona mengi, lakini nililia na nguruwe wangu mabegani mbele ya makumbusho haya. Mwanamke aliyepigana karibu maisha yake yote ili mtu asizikwe mbali na kwao, leo amempa mtu huyo kaburi lake, na yeye ndiye atakayelala mbali na kwao. Mbali na mume wake. Tutasema ahsante kwa mdomo gani? Jengo hili tutalipa jina lake, Mheshimiwa Meya ameshatamka, na ni jambo jema. Lakini jina la jengo halimlazi mtu kando ya mwenzake. Kaka yangu atageuka kulia, amkute Mzee Fong!

Basi nikafuta machozi, nikamwambia shemeji, sawa, umetushinda, lakini Jumapili nitasimama mbele ya Meya na Mchungaji na watu wote niape kwamba siku yako ikifika tutakufuata Perth, tutakurudisha, hata kama ni kumbomolea Wally jiwe. Akanigeukia. Mnaomjua Elsie mnayajua macho yale.

"Usithubutu, Merv."

"Kwa nini?"

"Huyu mzee aliahidiwa. Kila mwaka aliahidiwa, na aliyemwahidi ni mimi. Ameketi humo ndani miaka yote hiyo akisikiliza mlango. Mimi sitaki kukaa kwenye rafu ya Glenys nikisikiliza mlango. Nyie mtazeeka, watoto wenu watakuwa na shughuli zao. Niache nilale."

Waheshimiwa, sherehe za namna hii huisha kwa ahadi. Nilikuwa nimeandaa ya kwangu, ndefu na nzuri, na jana usiku nimeichana. Nawashukuru Meya na kamati, nawashukuru mliotoka mbali, nawashukuru vijana watakaobeba mtungi sasa hivi, na naomba wambebe polepole.

Shemeji Elsie, nenda salama. Hatutakuja kukuchukua. Usitusubiri.

Ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.